Sura ya Saba: Mtu Mzima na Pedi Mkononi

"Nimeoa, nina watoto wawili, kazi ninayo. Nikirudi jioni nacheza gemu. Je, nina tatizo?"

Swali hili lina waulizaji wengi, na kila mmoja ana namna yake ya kuuliza. Karani wa Tegeta huliuliza kwa sauti ya chini, kama anayemweleza daktari jambo la aibu. Mke wa fundi wa Mbagala huliuliza kwa hasira: huyu baba atakua lini? Mama mkwe haulizi kitu. Anaitazama pedi iliyolala juu ya kochi, anamtazama mkwewe, kisha anaomba maji ya kunywa.

Tukubaliane maneno kwanza. Katika sura hii gemu ni mchezo wowote wa kielektroniki, uwe wa kwenye televisheni, kompyuta au simu. Pedi ni kile kifaa chenye vitufe anachokishika mchezaji. Konsoli ni mashine yenyewe inayochomekwa kwenye televisheni, ile ambayo mtaani huitwa PS hata ikiwa ya kampuni nyingine. Kubeti na mashine za kamari, yaani madubwi, ni habari nyingine. Tutazigusa tukifika kwenye pesa, kwa sababu mara nyingine zinakaa jengo moja na gemu.

Jibu langu fupi ni kwamba umri si tatizo, na mara nyingi hata wingi wa saa si tatizo. Cha kuangalia ni saa zipi zinazochukuliwa, na kama watu wa nyumbani wanazijua.

Watoto wa banda wamekuwa baba za watu

PlayStation 2 ilitoka Japani mwaka 2000, ikaendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa 2013, na zaidi ya mashine milioni 150 ziliuzwa duniani. Nyingi zilizofika Dar es Salaam hazikukaa sebuleni. Zilipitia Kariakoo zikaishia kwenye mabanda ya Mwananyamala, Tandale, Tandika, Mtoni, Mbagala. Televisheni ya kichogo, benchi la mbao, pazia mlangoni. Ulilipia mechi au ulilipia dakika, na kwenye mabanda mengi aliyefungwa ndiye aliyetoa hela na kuinuka, mshindi akabaki amekaa.

Mtoto aliyekuwa na miaka 13 mwaka 2006, aliyevua shati la shule na kulikunja ndani ya begi kabla ya kuingia kucheza gemu ya mpira ya PES au kuiba magari ndani ya gemu ya San Andreas, leo ameshavuka 30. Ana kitambulisho cha NIDA, ana namba ya NSSF, huenda ana na mkopo. Anachokipenda hakijabadilika. Wala si yeye peke yake: huko Marekani, chama cha kampuni za gemu kimekuwa kikieleza kwa miaka mingi kwamba wastani wa umri wa mchezaji uko kwenye miaka ya thelathini.

Wetu, lakini, alitoka bandani na kitu cha ziada, nacho ni kujificha. Wenzake wa nchi tajiri waliletewa konsoli na wazazi, ikafunguliwa mbele ya familia. Yeye aliikuta uchochoroni, pamoja na nauli ya daladala iliyoliwa, hela ya chakula cha shule, fimbo za baba, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyekuja kutawanya watoto saa za masomo. Kwa hiyo hata leo, akiwa na hela yake na mashine yake, anacheza kitoro. Anasubiri mke alale, anazima sauti, anaanza saa tano usiku jambo ambalo angeweza kulifanya saa mbili mbele ya watu.

Ukichunguza lawama zinazotupiwa gemu kwa watu wazima (uchovu, hasira za asubuhi, kuchelewa kazini, mke kuhisi kuna jambo anafichwa), nyingi utazikuta zimezaliwa kwenye saa hizo za kitoro. Anayehisi anafichwa jambo, kwa kweli anafichwa.

Mbona mzee wa bao haulizwi?

Pita Magomeni au Temeke jioni ya Jumapili. Wanaume wenye mvi wameuzunguka ubao wa bao. Hatua chache mbele kuna drafti, kete zake ni vizibo vya soda, vingine vimegeuzwa juu vingine chini. Kwenye kibaraza kingine kuna karata na kelele zake. Sijasikia mtu akiwaambia wazee hao wakue. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kupenda bao, naye alikuwa na nchi nzima ya kuendesha.

Kwa hiyo hoja ya kwamba mchezo ni utoto haina miguu Uswahilini. Mtu mzima kuwa na mchezo wake ni desturi ya zamani hapa. Kilichobadilika ni namna mchezo unavyofika mwisho.

Tazama bao la Kiswahili lilivyoundwa. Lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32 zake. Wanapoanza, kila mmoja ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hatua ya kwanza, inayoitwa namua, ni ya kuingiza kete hizo za mkononi moja moja kila zamu, maana yake haiwezi kupita zamu 22 kwa kila mtu. Baada ya hapo huja mtaji, ambapo kete zilizomo ubaoni tu ndizo zinazocheza, na mwisho unakaribia. Na mkiwa hamjamaliza, kuna giza. Kuna adhana ya magharibi. Kuna mwenye kibaraza anayetaka kuingiza mkeka wake ndani, kuna anayesubiri zamu huku akinung'unika. Tena mambo yote yako hadharani: mtoto akitumwa, babu anamkuta.

Sitaki kuwapamba wazee kupita kiasi. Wapo waliofungua duka saa nne na kulifunga saa sita kwa ajili ya drafti, na vijiwe vimewahi kuacha nyumba bila chakula. Lakini hata huyo mpenda drafti kupindukia, usiku alilala. Gemu ya simu haina magharibi. Inakufuata kitandani, haisubiri mwenzako awe macho, wala hakuna mwenye kibaraza. Mwisho na uwazi, ambavyo bao lilivipata bure kutoka kwa jua na majirani, mwenye gemu inabidi avitengeneze mwenyewe.

Hesabu ya juma moja

Watu hupenda kusema "sina muda" au "muda upo" bila kuhesabu. Tuhesabu basi, kwa mtu wa kufikirika anayeishi Chamazi na kufanya kazi Posta, siku sita kwa juma.

Juma lina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kazi ya kawaida kuwa saa 45 kwa juma, zisizozidi 9 kwa siku, siku zisizozidi 6. Tuchukue hizo 45. Mapumziko ya chakula cha mchana, saa 6 kwa juma. Safari, tuseme saa tatu kila siku kwenda na kurudi, ni saa 18. Anayetoka Bunju, zaidi ya kilomita 25 hadi Posta, anajua kwamba sijazidisha. Usingizi wa saa saba, kiwango cha chini ambacho wataalamu wa usingizi humpa mtu mzima, ni saa 49. Kuoga, kula, ibada, kuchota maji yasipotoka bombani, kufua, kumsaidia mtoto kazi ya shule: saa tatu kwa siku, jumla 21.

Tumefika 139. Zimebaki 29.

Hizo 29 ndizo za mke au mume, watoto, msiba wa Gongo la Mboto, kikao cha harusi ya binamu, kikoba, jumuiya, kazi ya pembeni, kozi ya jioni, na Simba na Yanga. Anayecheza gemu saa moja kila siku anatumia 7, karibu robo. Ni nyingi lakini zinabebeka, hazizidi za mwenzake anayetazama mpira kibanda umiza kila wikiendi. Anayecheza saa tatu kila usiku anatumia 21, na hapo hesabu inakataa, kwa sababu msiba hauahirishwi na kikao cha harusi kina faini. Saa zinazokosekana hazitoki kazini, maana kazini kuna bosi. Hazitoki kwenye foleni ya barabara ya Kilwa, maana foleni haimjui mtu. Zinatoka kwenye zile 49 za usingizi, ambazo hazina mlinzi.

Ndiyo maana wengi wanaodhani wana mgongano wa gemu na kazi, ukiwahoji vizuri, utakuta wana mgongano wa gemu na usingizi. Kazi inakuja kuumia baadaye: ripoti yenye makosa, kusinzia kwenye kikao cha saa nane mchana, abiria kukosa chenji. Mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari hawezi kumaliza mechi yake ya mwisho saa saba usiku, hata kama ameshinda tano bila.

*Kwa ufupi:* fanya hesabu yako mwenyewe kwa saa za kwako, si za kwangu. Baki yako ndiyo inayokuambia gemu inaweza kuchukua kiasi gani bila kugusa usingizi.

Gemu zinazoisha na zisizoisha

Gemu hazilingani, na hapa ndipo mtu mzima anaweza kujisaidia bila kuacha chochote.

Mechi ya mpira dhidi ya mashine ni dakika kumi au kumi na tano. Mtoto akilia unasimamisha, unarudi, mpira uko pale pale. Gemu ya hadithi, ile yenye kisa cha kufuata kuanzia mwanzo hadi tamati, unaihifadhi na kuiendeleza Jumamosi, ukiimaliza, imekwisha. Gemu hizi zinamfaa mwenye familia.

Upande wa pili kuna gemu za mtandaoni, unazocheza na watu wengine walio kwao. Hizi hazisimami. Kwenye PUBG Mobile watu 100 hushushwa kisiwani na kuwindana mpaka abaki mmoja au kundi moja, jambo linaloweza kuchukua nusu saa. Ukitoka katikati kwa sababu mke ameita, umewaangusha wenzako watatu, nao watakukumbusha. Hapo mtu anajikuta anamjibu mkewe kwa ukali akimtetea mgeni ambaye hajawahi kumwona.

Halafu kuna namna gemu za bure zinavyojiendesha. Kampuni haikuuzii gemu. Inaitoa bure, kisha inapata pesa kutoka kwa wachezaji wachache wanaonunua vitu ndani yake: mavazi, silaha, wachezaji wa kadi. Ili hao wachache wapatikane, lazima watu wengi warudi kila siku. Ndiyo sababu ya zawadi ya kila siku, ambayo hupotea usipofungua gemu leo. Ndiyo sababu ya misimu, ambapo ngazi uliyopanda inashushwa baada ya wiki kadhaa upande tena. Mtu anasema "ngoja nichukue zawadi tu", saa moja baadaye bado yumo. Ameingia kwenye mtambo uliojengwa na watu hodari kwa kazi hiyo hiyo.

Serikali kadhaa zimejaribu kuwawekea watoto magharibi ya lazima. Korea Kusini ilianza mwaka 2011 kuwazuia wenye umri chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Zuio hilo liliondolewa kuanzia 2022. China mwaka 2021 iliwapa walio chini ya miaka 18 saa moja, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mtu mzima hana wa kumfungia. Atajifungia kwa vitu vidogo vinavyofanya kazi:

- Gemu za mtandaoni wikiendi, gemu za kusimamisha siku za kazi.
- Amua idadi ya mechi kabla ya kushika pedi, na umwambie mtu. "Mechi mbili, halafu tunakula" ni ahadi yenye shahidi.
- Zima arifa za gemu, zile jumbe zinazoruka kwenye simu kukukumbusha kwamba zawadi iko tayari.
- Simu ichajiwe mbali na kitanda. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalorudisha usingizi haraka zaidi.

Chumba na sebule

Ushauri mwingi wa gemu duniani umeandikwa kwa watu wenye chumba cha ziada. Sisi wengi tunaishi chumba na sebule, au chumba kimoja chenye pazia katikati. Temeke peke yake ilihesabiwa watu 1,346,674 kwenye sensa ya 2022, Kinondoni 982,328, na sehemu kubwa yao wamepanga nyumba yenye korido moja na milango inayotazamana. Televisheni ni moja. Wanaoitaka ni watano.

Saa moja usiku ni katuni za watoto. Saa mbili ni taarifa ya habari. Saa tatu ni tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na hiyo mwenye akili haigusi. Baba akiunganisha PS yake hapo katikati, hajachukua muda wake peke yake, amechukua jioni ya kila mtu. Nadhani ugomvi mwingi wa gemu katika nyumba zetu ungeeleweka vizuri kama tungeuita kwa jina lake: ugomvi wa televisheni.

Kuna suluhisho la pesa, nalo ni kununua kioo kidogo cha pili na spika za masikioni. Kuna na suluhisho lisilo na gharama, ambalo ni kugawana siku kwa mdomo. Tuseme Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tatu televisheni ni ya gemu, na siku nyingine hata haombi. Mama akikubali hilo, limekuwa halali, na baba anaweza kucheza huku taa inawaka. "Baba Fulani, leo si siku yako" ni sentensi yenye amani zaidi kuliko kunyamaziana mpaka asubuhi. Watoto wakiwa wamelala chumba hicho hicho, mwanga wa kioo na kelele za vitufe huwaamsha, kwa hiyo mwisho uwe saa nne, si saa sita.

Na tusijidanganye kwamba mchezaji ni baba tu. Mama anayesukuma pipi za Candy Crush kitandani, au ludo ya simu na mashoga zake wa kikoba, naye anacheza gemu. Ila yake haina pedi, basi haiitwi gemu. Wakikaa kuhesabu saa, wahesabu za wote wawili.

Kijiweni, dukani, lindoni

Kila kazi ina mlango wake ambao gemu hupitia.

Bodaboda kijiweni ana muda mfu mwingi kati ya abiria na abiria, na gemu ya dakika tatu haimdhuru mtu. Tatizo lake ni chaji. Simu hiyo hiyo ndiyo inayopokea oda, ndiyo pochi yake ya kulipwa, ndiyo inayopigiwa na wateja wake wa kudumu. Gemu nzito inaimaliza betri kabla ya saa za jioni zenye abiria wengi. Dereva makini anacheza ludo au drafti ya simu na kuacha vita vya mtandaoni.

Muuza duka na wakala wa miamala ana tatizo la macho. Mteja akisimama dirishani na kukuona umeinamia simu kwa sekunde kumi, anahamia duka la pili, na Tandika duka la pili liko hatua nne. Kuna na hatari ya kukosea tarakimu kwenye muamala, ambayo haina msamaha.

Kwa mlinzi sina la kuzungusha maneno: gemu lindoni ni sawa na kulala lindoni, macho na masikio yote yamekwenda.

Wenye zamu za usiku, kama manesi na wafanyakazi wa viwandani Chang'ombe, huwa wanateleza asubuhi. Wanarudi saa mbili, mwili umechoka lakini akili haijatulia, wanaona bora wacheze kidogo kwanza. Saa nne jua limeshapasha bati, watoto wa jirani wanapiga kelele, usingizi hauji tena. Kwao gemu ikae baada ya kuamka, kabla ya kwenda kazini.

Na wa ofisini, nyinyi mnajijua. Intaneti ya mwajiri inaweka kumbukumbu.

Pesa

Lawama ya kwanza huwa ni umeme. Tuipime. PS4 ya toleo la kwanza ikichezwa hula wati 140 hivi, televisheni bapa ya inchi 40 tuseme 60. Jumla ni wati 200. Saa mbili kila usiku ni uniti 0.4, mwezi mzima uniti 12. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, hizo 12 ni karibu moja ya sita. Hazitishi, ila zinaweza kuwa ndizo zinazokuvusha kikomo, na ukikivuka, uniti za ziada zina bei kubwa zaidi. Anayecheza anunue LUKU ya ziada yeye mwenyewe, bila kuombwa. Hilo huondoa nusu ya maneno.

Kinachokula pesa kimyakimya ni bando na manunuzi madogo ndani ya gemu. Gemu mpya ya konsoli ni makumi ya GB, kwa hiyo ni nafuu kumlipa kijana wa dukani akuwekee kuliko kuipakua kwa bando la simu. Manunuzi madogo yanahitaji kikomo cha mwezi kinachoandikwa mahali, kwa sababu buku mbili mbili hazikumbukwi.

Hatari kubwa zaidi iko penye mpaka wa gemu na dau. Mabandani mechi za mpira huchezwa kwa kuwekeana hela, mwenye banda akiwa mshika hela, na ukutani kunaweza kuwa na dubwi. Simu iliyo na gemu ya mpira ina na programu ya kubeti, mkeka wa dau uko kidole kimoja tu. Nchini michezo ya kubahatisha inaongozwa na sheria ya mwaka 2003 na kusimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inayotoa leseni, na ni kwa waliotimiza miaka 18. Kuwekeana hela bandani hakumo humo. Mtu akikuambia gemu imemfilisi, muulize mara mbili. Mara nyingi kilichomfilisi ni dau.

Lini ni ugonjwa?

Shirika la Afya Duniani liliingiza matatizo ya kucheza gemu katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu, na zinatakiwa kwenda pamoja: kushindwa kujizuia; gemu kupewa nafasi ya mbele kuliko mambo mengine ya maisha; na kuendelea au kuzidisha hata baada ya madhara kuonekana. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu angalau miezi 12, na iwe imeharibu kazi, familia au masomo. Shirika lenyewe linasema ni sehemu ndogo tu ya wachezaji wanaofika huko.

Idadi ya saa haimo katika dalili hizo. Mtu anayecheza Jumamosi nzima kisha Jumatatu yuko kazini anacheka hana ugonjwa. Anayecheza saa mbili tu, lakini ameshapewa barua mbili za onyo na bado hawezi kuacha, anahitaji msaada. Msaada haupatikani kwa kuvunja konsoli, kama ambavyo baadhi ya ndugu hufanya kwa hasira. Hiyo huleta ugomvi mpya na kuacha tatizo la zamani likiwa salama. Hospitali za rufaa za mkoa za Mwananyamala na Temeke ziko karibu kuliko watu wanavyodhani, na mtu anaweza kuanzia hapo kwa kuuliza huduma ya afya ya akili. Mara nyingi gemu iliyozidi imeshika nafasi ya kitu kingine: sonona, kazi iliyopotea, ndoa iliyopoa.

Na kama nataka gemu iwe kazi yangu?

Hili huulizwa na walio chini ya miaka 30, na si swali la kuchekwa. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya kimataifa ya UYU kucheza Tekken, gemu ya ngumi na mateke. Huko Riyadh, Kombe la Dunia la michezo ya kielektroniki la mwaka 2024 lilikuwa na zawadi za zaidi ya dola milioni 60 kwa jumla. Pesa ipo. Imekusanyika juu kabisa, kwa wachache, na njia ya kuifikia kutoka Yombo inahitaji intaneti isiyokatika, umeme usiokatika, na wapinzani bora kuliko wa mtaani.

Jambo ambalo wanaoitaja safari ya Gathoni hulisahau ni kwamba wakati huo alikuwa akisomea sheria. Hakuacha kimoja kwa ajili ya kingine.

Kuna kazi za jirani ambazo zina nafasi zaidi: kufungua banda lenye leseni ya manispaa na masharti ya watoto, kutengeneza pedi na konsoli, kuandaa mashindano, kutangaza mechi kwa Kiswahili mtandaoni. Zote ni kazi kweli, na anayezifanya vizuri huwa anacheza kidogo kuliko wateja wake.

Anayetaka kucheza mwenyewe ajipime kwanza kwenye mashindano, akiwa bado na mshahara. Mechi za mjini zikipangwa wikiendi hazigusi kazi, na za mbali zina likizo: sheria ile ile ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 kwa mwaka. Mwaka mmoja wa kujipima namna hiyo unatosha kumwonyesha kama anawafunga wa Nairobi na Kampala, au anawafunga wa mtaa wake tu, kabla hajaandika barua ya kuacha kazi.